Sistimu ikikataa: Paswadi ya pamoja ni ugonjwa, si dawa

Hakuna maneno yanayomkera mgonjwa wa siku hizi kama haya: "Sistimu imekataa." Mama amebeba mtoto mwenye homa, amepanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, na anapofika dirishani anaambiwa asubiri kwa kuwa kompyuta haifunguki. Baada ya kitambo karani huinua kichwa na kumwita mwenzake wa chumba cha pili: "Hebu nipe paswadi yako!" Jibu hutolewa kwa sauti, mbele ya umma wote, foleni ikaanza kusonga na kila mtu akashukuru.

Maoni yangu, mpenzi msomaji, ni kwamba hatuna la kushukuru hapo. Paswadi, yaani neno la siri la kufungulia rekodi za wagonjwa, ikishakuwa ya watu wanne haina siri tena. Zaidi ya hayo, kwa jinsi nilivyoona katika kazi hii ya udaktari, mtindo huo wa kuazimana paswadi ni mojawapo ya sababu kubwa zinazofanya kompyuta zetu zitukatae. Tunameza kama dawa kitu kile kile kinachotuletea maradhi.

Wasomaji wengine watauliza: Haya yana uhusiano gani na ukurasa wa afya? Si mambo ya mafundi wa kompyuta? La hasha. Rekodi ni sehemu ya matibabu, sawa na sindano na dawa. Daktari asiyeweza kuiona atakisia. Na rekodi inayoweza kuguswa na kila mpita njia haiaminiki.

Faili zimetoka kabatini

Zamani faili ya mgonjwa ilikaa kwenye kabati. Aliyetaka kuisoma alihitaji kufika penye kabati hilo, na mwenye ufunguo alikuwa mtu anayejulikana. Kenya ilianza mapema kuihamisha faili hiyo. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta ulioundwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Uzoefu wa kule ulichangia kuanzishwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu ya rekodi za wagonjwa inayopatikana bila malipo na ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumika katika kliniki nyingi za watu wanaoishi na virusi vya HIV hapa nchini, imejengwa juu ya programu hiyo.

Kisha mwaka 2011 taifa zima likaanza kutumia DHIS2, mfumo wenye asili yake katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, kukusanya takwimu za kila mwezi kutoka vituo vya afya. Fomu kama MOH 705 ya wagonjwa wa nje na MOH 711 ya afya ya uzazi, ambazo hapo awali zilisafiri kwa gari kutoka ofisi hadi ofisi, sasa huingizwa kwa intaneti katika hifadhi moja inayotumiwa na watu wa Turkana, Kwale na Nairobi kwa wakati mmoja.

Hayo ni maendeleo, nami siyapingi. Lakini hifadhi ya pamoja inayofikiwa kwa intaneti haina kuta wala kabati. Kinachomtenga muuguzi na mwizi aliye ng'ambo ya bahari ni jina la mtumiaji na neno lake la siri. Mwaka 2018 wezi wa mtandaoni waliingia katika rekodi za SingHealth, shirika kubwa la hospitali nchini Singapore, wakachukua habari za wagonjwa milioni 1.5, akiwemo Lee Hsien Loong aliyekuwa waziri mkuu wakati huo. Kamati ya uchunguzi ilikuta kasoro kadhaa, na mojawapo ilikuwa akaunti ya usimamizi yenye neno la siri P@ssw0rd. Nchini Finland mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 2020 wagonjwa wa kampuni ya tiba ya akili iitwayo Vastaamo walianza kupokea vitisho mmoja mmoja: lipa, au yale uliyomweleza mtaalamu wako yatangazwe. Hifadhi ya rekodi hizo ilikuwa imeachwa wazi kwenye intaneti, na akaunti yake kuu haikuwa na neno la siri lolote.

Tafuta ugonjwa kabla ya kutoa dawa

Sisi madaktari hufundishwa kwamba homa ni dalili. Huenda ni malaria, huenda ni nimonia, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Anayempa kila mwenye homa dawa moja atawaua baadhi yao. Vivyo hivyo, "sistimu imekataa" ni dalili tu, na kumwomba mwenzako paswadi ni kutoa dawa bila kupima. Hebu tupime kwa utaratibu.

Kwanza, soma kilichoandikwa kwenye skrini. Ajabu ni kwamba wengi wetu hatusomi. Kuna tofauti kubwa kati ya "jina au neno la siri si sahihi", "akaunti imefungwa", "huna ruhusa" na "muunganisho si salama". Hayo ni magonjwa manne, na kila moja lina tiba yake.

Ikiwa unaambiwa neno la siri si sahihi, anza na mambo madogo. Angalia kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa. Angalia kama kitufe cha tarakimu kimezimwa. Futa kabisa kilichojiandika chenyewe, kwa maana brauza ya kompyuta inayotumiwa na wengi huweza kuwa imehifadhi paswadi ya mwenzako wa zamu ya usiku na kuiweka chini ya jina lako. Kama ulinakili neno hilo kutoka mahali pengine, hakikisha hukubeba nafasi tupu mwishoni. Andika polepole mara moja, kisha mara ya pili. Ikikataa tena, acha! Mifumo mingi hufunga akaunti baada ya majaribio kadhaa, na anayezidi kubahatisha hugeuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Ikiwa akaunti imefungwa, mifumo mingine hujifungua yenyewe baada ya dakika chache na mingine humngoja msimamizi. Swali la kujiuliza ni nani aliyeifunga. Mara nyingi kuna simu au kompyuta nyingine iliyohifadhi neno la zamani, nayo huendelea kulijaribu yenyewe. Msimamizi akifungua, baada ya muda mfupi akaunti imejifunga tena, na watu huanza kusema kuna mdudu. Hapana mdudu. Kuna kifaa kilichosahauliwa mahali fulani.

Ikiwa umeingia salama lakini unaambiwa huna ruhusa, au ukurasa ni mtupu, basi paswadi yako haina kosa lolote na kuibadilisha hakutakusaidia. Katika DHIS2, kwa mfano, mtumiaji hupewa vitu viwili tofauti: wajibu, yaani anachoruhusiwa kufanya, na vituo, yaani mahali anaporuhusiwa kukifanya. Muuguzi aliyehamishwa kutoka Kayole hadi Kangemi ataendelea kuona Kayole mpaka msimamizi abadilishe kituo chake. Hapo panahitajika ujumbe mmoja kwa msimamizi, ukitaja jina lako, kituo chako kipya na fomu unayotaka kujaza.

Ikiwa unaambiwa muunganisho si salama, tazama tarehe kwenye pembe ya skrini. Ndani ya kompyuta nyingi za mezani mna betri ndogo ya duara, mfano wa ile ya saa. Ikiisha nguvu, kila umeme unapopotea kompyuta husahau siku na kurudi miaka mingi nyuma. Brauza huilinganisha tarehe hiyo na cheti cha usalama cha mfumo, ikaona cheti hicho hakijaanza hata kutumika, ikagoma. Sahihisha tarehe na mlango utafunguka. Kisha badilisha betri, la sivyo mtayarudia hayo umeme utakapopotea tena. Wenye kutumia zile tarakimu za simu zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 wajue kwamba nazo hutegemea saa. Simu iliyo nyuma kwa dakika kadhaa hutoa tarakimu ambazo mfumo utazikataa.

Na ikiwa hakuna ukurasa wowote unaofunguka, jaribu tovuti nyingine. Ikifunguka, intaneti yenu ni nzima na tatizo liko upande wa seva. Isipofunguka, tatizo liko kwenye laini yenu. Kwa vyovyote vile, paswadi ya mwenzako haitarudisha intaneti.

Chungu cha shirika

Sasa turudi kwa ile paswadi ya pamoja. Wahenga walisema chungu cha shirika hakichemki. Chukulia zahanati ambayo watu watano hutumia akaunti moja iitwayo "nesi1". Siku ya Ijumaa mfumo unamwamuru mmoja wao abadilishe paswadi, naye anafanya hivyo, anaiandika kwenye kikaratasi na kwenda likizo. Jumatatu wanne waliobaki wanajaribu ile ya zamani, kila mmoja kwa zamu yake, na kufikia saa tatu akaunti imefungwa. Ujumbe wa kuifungua unatumwa kwa nambari ya simu ya mtu aliyeacha kazi mwaka uliopita. Wagonjwa wamejaa kwenye viti. Wanafanya nini? Wanaazima akaunti ya msimamizi, ile yenye ruhusa ya kufuta kila kitu, na kuanzia siku hiyo inakuwa ndiyo paswadi ya zahanati nzima.

Tazama basi mwendo wa ugonjwa huu: kuazimana kumefunga mlango, na mlango uliofungwa umeleta kuazimana kwingine kubaya zaidi.

Lakini hatari kubwa iko kitandani kwa mgonjwa. Mtoto amepewa dawa ya kifafa saa nane usiku, na saa kumi anaonekana amelegea kupita kiasi. Daktari wa zamu anataka kujua: Alipewa kiasi gani, na ni nani aliyempa ili nimwulize kama alirudia? Rekodi inajibu: "nesi1". Wakati watu watano wanaulizana, muda unapita. Aidha, akaunti iliyoachwa wazi humwingiza mtu wa pili kwenye faili ambayo mwenzake hakuifunga, akaandika matokeo ya Wanjiku kwenye ukurasa wa Wanjiru. Hata maneno "hana mzio wa penisilini" huweza kuandikwa kwenye faili isiyo yake.

Halafu kuna aibu na heshima ya mtu. Mgonjwa anayeishi na virusi vya HIV, au msichana aliyekuja kwa sababu ya mimba, ametuamini kwa jambo ambalo pengine hajamwambia mamaye. Likivuja, yeye hana njia ya kujua lilivujia wapi, wala hospitali haina njia ya kumwonyesha. Mwenye hatia amejificha nyuma ya jina la watu watano, na wanne wasio na hatia wanatazamwa kwa jicho baya.

Lawama ziende zinakostahili

Ni rahisi kuwalaumu wauguzi na makarani. Mimi sikubaliani na lawama hizo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti ambapo wahudumu wa afya 299 waliulizwa kama wamewahi kutumia neno la siri la mwenzao, na asilimia 73.6 walikiri kwamba wamewahi. Wengi walieleza kwamba hawakuwa wamepewa akaunti yao wenyewe, au ile waliyopewa haikuwaruhusu kufanya kazi waliyotumwa. Mtu aliyetumwa maji bila ndoo, mtamlaumu kwa kuazima ya jirani?

Hata masharti yenyewe yamechangia. Kwa miaka mingi tuliamriwa kubadilisha paswadi kila mwezi au kila miezi mitatu, na kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama za ajabu. Sehemu kubwa ya masharti hayo ilitokana na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mwaka 2017 Burr mwenyewe aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoandika, na mwaka huo huo NIST ikaachana na masharti hayo. Ilionekana kwamba mtu akilazimishwa kubadilisha paswadi kila mara, huandika Januari1, kisha Februari1, au huibandika kwenye skrini. Siku hizi wataalamu hupendekeza neno refu la siri, kwa mfano maneno manne au matano yasiyohusiana ambayo mwenyewe anaweza kuyakumbuka, na libadilishwe pale tu panapokuwa na dalili kwamba limejulikana. Pia hupendekeza ufunguo wa pili, kama zile tarakimu za simu. Mwezi Februari 2024 kampuni ya Change Healthcare ya Marekani, inayoshughulikia malipo ya hospitali, ilivamiwa kwa kutumia jina na paswadi vilivyoibwa, kupitia mlango ambao haukuwa na ufunguo huo wa pili. Maduka ya dawa na hospitali nyingi za nchi hiyo zilikwama kwa wiki kadhaa.

Kwa hivyo wenye kuendesha hospitali, za umma na za kibinafsi, wana wajibu wao. Kila mfanyakazi apewe akaunti yake siku anayoripoti kazini, si baada ya miezi miwili, na ifungwe siku anayoondoka. Pawepo mtu mwenye mamlaka ya kufungua akaunti usiku na Jumapili, kwa maana wagonjwa hawaugui saa za ofisi pekee. Akaunti za "nesi1" na "admin" zisitumike kuwahudumia wagonjwa. Uwepo mlango wa dharura, ambapo daktari anaweza kufungua rekodi ya mgonjwa aliye mahututi hata kama si wake, mradi mfumo uandike jina lake, saa na sababu, na mtu azipitie orodha hizo kila wiki. Tena fomu za karatasi ziwe tayari kwenye droo, zenye tarehe na sahihi, ili siku mfumo ukilala matibabu yasilale nao.

Najua jibu litakalotolewa: hatuna wafanyakazi wa kutosha, na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini kumfungulia mtu akaunti ni kazi ya dakika chache, na betri ya kompyuta huuzwa kwa bei nafuu madukani. Tumezoea tu kuona mambo haya kama madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sheria nayo haichezi

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya miongoni mwa data nyeti, na inamtaka anayezihifadhi kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua kwamba zimefikiwa na wasioruhusiwa, ikiwa kuna hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inafanya kuwa hatia kumtolea mtu neno la siri kwa makusudi bila idhini. Sidhani kama yule anayetaja paswadi yake kwa sauti kubwa mapokezi anajua hivyo. Ni kazi ya mwajiri wake kumfahamisha, na pia kumwondolea sababu ya kufanya hivyo.

Wewe msomaji ufanye nini?

Usinyamaze. Ukiona daktari ameondoka na kuiacha skrini wazi mbele yako na wengine, mwambie kwa upole aifunge. Ukisikia paswadi ikitangazwa, uliza kwa heshima kama kila mhudumu ana yake. Ile sheria ya 2019 inakupa haki ya kuziona habari zako zilizohifadhiwa na kudai makosa yasahihishwe. Itumie, hasa kama umewahi kuitwa kwa jina la mtu mwingine au kusomewa matokeo ambayo si yako.

Mwisho, weka kumbukumbu zako mwenyewe. Kwenye daftari dogo au karatasi ndani ya mkoba, andika dawa unazomeza na kiasi chake, dawa zinazokudhuru, ugonjwa wa kudumu ulio nao kama kisukari au shinikizo la damu, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na nambari ya simu ya mtu wa karibu. Kwa watoto, tunza kijitabu cha kliniki cha chanjo, wala usikitupe kwa kuwa umeambiwa kila kitu kiko kwenye kompyuta. Karatasi hiyo haihitaji umeme wala paswadi, na usiku wa dharura daktari atakayekupokea ataisoma kwanza, kabla hata hajaigusa kiibodi.